Sidiria inanibana, titi linaweka donge: ninunue ya namna gani?

SWALI

Washauri, hamjambo? Mimi ni mama wa mtoto wa wiki saba, ndiye wa kwanza. Ananyonya maziwa yangu tu na anaongezeka uzito vizuri, kwa hiyo upande wake sina shaka. Shida yangu ni sidiria.

Kabla ya mimba nilikuwa navaa 34B. Mimba ilipofika mwezi wa nane zote zikawa ndogo, nikanunua tatu za 38B, za kawaida, zenye waya. Nilijua nikipanda namba mbili nafasi itatosha. Wapi! Jioni nikivua nakuta mstari mwekundu chini ya titi, kamba zimechora mifereji mabegani na nyama imetokeza upande wa kwapa. Huku nyuma, mkanda umepanda mgongoni. Nikitaka kunyonyesha naipandisha yote juu ya titi kwa sababu haifunguki mbele.

Kinachonitia hofu ni kwamba mara mbili sasa nimepata donge gumu linalouma kwenye titi la kushoto, upande wa nje, pale pale. Lilikaa kama siku moja na nusu likaondoka lenyewe. Homa sikupata.

Mama mkwe ananihimiza nijibane mchana na usiku ili matiti yasilale. Wifi naye anasema anayenyonyesha havai sidiria kabisa, itamkausha maziwa. Nimsikilize nani? Nimejipima kwa futi ya fundi cherehani: chini ya matiti sentimita 79, penye chuchu 100 kabla ya kunyonyesha na 97 baada ya kunyonyesha. Ninunue saizi gani, za aina gani, na ngapi? Usiku nivae au nisivae? Navuja sana.

Mama Wiki Saba

JIBU

Mama Wiki Saba, hongera ya uzazi. Na ahsante kwa vipimo. Wengi hutuandikia "nabanwa" bila namba hata moja, nasi tunabaki kubahatisha.

Tuanze na saizi, maana ndiyo iliyokuponza. Saizi ya sidiria ina sehemu mbili na kila moja inapima kitu chake. Namba ni mzunguko wa kifua chini ya matiti, kwenye mbavu. Herufi ni tofauti kati ya mzunguko huo na ule unaopita penye chuchu, yaani titi limejitokeza kiasi gani. Mimba hutanua mbavu kidogo, kisha baada ya kujifungua hurudi taratibu kwa wiki kadhaa. Titi ndilo linalokua kwelikweli. Wewe ulipoona zinabana uliongeza namba ukaiacha herufi pale pale, jambo ambalo karibu kila mama hulifanya. Mkanda ukawa mkubwa kuliko kifua, kikombe kikabaki kidogo kuliko titi. Ndiyo maana unabanwa na kupwaya kwa wakati mmoja.

Sasa hesabu. Lebo za Ulaya za sentimita huenda kwa hatua za tano: mwenye 73 hadi 77 huvaa 75, mwenye 78 hadi 82 huvaa 80. Una 79, basi mkanda wako ni 80. Kwa herufi, tofauti ya sentimita 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D, 20 hadi 22 ni E. Tofauti yako ni 21 titi likiwa limejaa na 18 likishanyonywa. Kikombe hununuliwa kwa titi lililojaa, kwa hiyo wewe ni 80E. Lebo za Uingereza na Marekani zitaandika 36DD, za Ufaransa 95E. Usiogope herufi, haisemi kwamba una matiti makubwa mno, inasema tu yamezidi mbavu kwa sentimita 21.

Pengine utauliza, mbona 38 niliyonayo ni kubwa kuliko 36? Kikombe hupanuka mkanda unapopanda, hivyo kikombe cha 38B kinachukua sawa na cha 36C, na sawa na cha 34D. Unachovaa sasa ni kikombe cha C kwenye mkanda unaopwaya, ilhali titi lako likijaa linataka hatua mbili zaidi. Hesabu hiyo hiyo itakufaa dukani: ukikosa 36DD, jaribu 38D, kikombe ni kile kile, ila uifunge kwenye kulabu za ndani kabisa. Wasikuuzie 38DD kwa maneno ya "ni karibu sawa". Na kwa kuwa sidiria nyingi za kunyonyeshea huuzwa kwa S, M na L, tafuta jedwali la kampuni husika kwenye pakiti. M ya mmoja ni L ya mwingine, na mara nyingi herufi hizo hufuata mkanda tu huku kikombe kikikisiwa.

Ukitaka kujua kwa nini mkanda ni muhimu hivyo, angalia yanayokupata. Uzito wa matiti unatakiwa ubebwe na mkanda. Kamba za mabegani ni za kuweka vikombe mahali pake tu. Mkanda ukilegea, hupanda mgongoni na mbele hushuka. Uzito wote unahamia mabegani. Mtu akihisi matiti yameshuka anakaza kamba, na kamba zikikazwa zinazidi kuuvuta mkanda wa nyuma kwenda juu. Huku mbele waya unatoka kwenye mkunjo wake wa chini ya titi na kulalia nyama yenyewe. Mstari wako mwekundu umeanzia hapo.

Ukifika dukani, nenda titi likiwa limejaa kiasi, saa moja na nusu hivi baada ya kunyonyesha, wala usisubiri mpaka likawa jiwe. Beba pedi mbili za maziwa. Vaa sidiria, inama mbele matiti yaingie kwenye vikombe, kisha kwa mkono wa upande wa pili ivute nyama ya kwapani uiingize ndani ya kikombe. Hatua hii wengi huiruka, na hapo ndipo saizi ndogo hujificha. Simama wima. Mkanda ulale sawa mbele na nyuma, sambamba na sakafu, na vidole viwili vipite chini yake mgongoni bila kusukuma. Kidole kimoja kipite chini ya kamba ya bega. Ukingo wa kikombe usiligawe titi mara mbili. Inua mikono yote miwili. Mkanda ukipanda na mikono, ni mkubwa. Keti, kwa sababu ndivyo utakavyokaa sehemu kubwa ya siku, na mbavu hutanuka ukiketi.

Kuhusu kulabu: katika wiki yako ya saba, chagua inayokukaa vizuri kwenye safu ya nje kabisa, ile legevu. Lastiki hulegea kwa kufuliwa, mbavu nazo huenda zikapungua kidogo, nawe utakuwa na safu za kurudi ndani. Sidiria nyingi za kunyonyeshea zina safu nne au zaidi kwa ajili hiyo. Mwenye mimba ya mwezi wa nane naye anunue kwa safu ya nje. Mwenye mimba changa afanye kinyume, achague inayomkaa kwenye safu ya ndani, maana yeye bado anatanuka.

Sasa aina. Tunakushauri uachane na sidiria ya kupandisha juu, hata kabla hujabadilisha saizi. Ukiipandisha, mkanda na waya hukaa juu ya titi na kuligandamiza kwa muda wote mtoto anaponyonya, yaani wakati ule ule maziwa yanapotakiwa kutiririka. Mirija ya maziwa ipo karibu na ngozi na ni laini, kugandamizwa kidogo kunatosha kuifunga. Fanya hivyo mara nane au kumi kwa siku uone kama donge halitakutembelea.

Ya kufunguka kwa klipu begani ndiyo inayofaa mama wengi mchana. Lakini kuna kitu ndani yake ambacho wauzaji hawakisemi. Fungua klipu na ushushe kikombe: utaona kitambaa cha ndani kinachobaki kimelizunguka titi, ama utepe mwembamba unaotoka begani hadi kwenye mkanda, ama kitambaa kipana chenye tundu ambalo titi hupitia. Chenye tundu hubeba vizuri zaidi titi zito. Ila tundu likiwa dogo, ukingo wake unalikaba titi pande zote, hasa upande wa kwapa, na hilo hutalijua ukiwa umesimama na kikombe kimefungwa. Hivyo pale kwenye chumba cha kujaribia, shusha vikombe vyote viwili, kaa, inama kidogo kama unayempakata mtoto, uhesabu dakika mbili. Kisha vua utazame ngozi. Ukiona alama ya ukingo wa tundu, irudishe, hata kama kikombe kimekukaa kama ulishonewa. Ngozi ya chini ya titi inatakiwa iguse mwili wa mtoto au mkono wako, kitambaa kisijikunje hapo kumzuia mtoto kufika.

Jaribu pia klipu kwa mkono mmoja, ule dhaifu, huku mwingine umekunjwa kama umembeba mtoto. Kufungua ni rahisi. Kufunga ndiko kunakoshinda watu, na klipu isiyofungika kwa mkono mmoja huishia kuachwa wazi chini ya nguo. Kama ngozi yako huwashwa na vito vya bei nafuu, chukua klipu ya plastiki, kwani ya chuma inaweza kuwa na nikeli.

Zipo za kupishana mbele, zisizo na klipu, ambazo unavuta tu pembeni. Ni laini na zinafaa sana kulalia, lakini kwa titi la saizi yako hazibebi vya kutosha kwa mchana wa kutembea. Sidiria ya michezo imeundwa kukandamiza. Ivae wakati wa mazoezi, ukitoka kunyonyesha, na uivue ukimaliza. Fulana yenye sidiria ndani inasitiri tumbo wakati wa kunyonyesha, na sifa zake zinaishia hapo, maana mkanda wake wa ndani ni lastiki nyembamba tu.

Kitambaa kiwe pamba au modali (kitambaa laini cha nyuzi zitokanazo na miti) upande unaogusa ngozi, kikichanganywa na uzi unaonyumbuka kidogo. Pamba tupu hulegea baada ya kufuliwa mara chache. Nailoni tupu huweka jasho na unyevu kwenye chuchu. Pitisha kidole ndani ya kikombe kutafuta mshono unaokatiza penye chuchu, na lesi iwe nje tu. Vikombe vya sponji nene vina umbo moja lisilobadilika, ilhali titi lako linatofautiana kwa sentimita tatu kati ya kujaa na kunyonywa. Kikombe kinachonyumbuka kitakufuata, na kikilegea kidogo baada ya kunyonyesha si kasoro. Kama titi moja ni kubwa kuliko jingine, na mara nyingi huwa hivyo, nunua kwa lile kubwa.

Je, waya? Waya hauna sumu. Ukiwa kwenye saizi sahihi, umelala kwenye mbavu na haugusi titi popote, unaweza kuuvaa kwa saa chache. Tatizo ni kwamba titi linalonyonyesha hubadilika kutwa, na waya haubadiliki. Waya uliokaa sawa saa mbili asubuhi unaweza kuwa juu ya nyama saa sita, mtoto akipitiliza usingizi. Kwako wewe ambaye donge limerudi mara mbili mahali pamoja, jibu letu ni hapana, hadi miezi kadhaa ipite bila donge.

Na hilo donge. Kwa maelezo yako, upande wa nje ndipo kikombe kidogo kinapokata na ndipo waya unapochoma, kwa hiyo sidiria ndiyo mshukiwa wa kwanza. Lakini kagua na vingine: mkoba unaovaliwa kukatiza kifua, mkanda wa mbeleko, mkanda wa gari, kulalia ubavu wa kushoto usiku kucha. Likitokea tena, endelea kunyonyesha kama kawaida, weka kitambaa chenye barafu kwa dakika kumi hivi baada ya kunyonyesha, na vua kinachobana. Usilikande kwa nguvu, wala usikamue ziada ili "kumaliza" titi. Ushauri wa zamani ulikuwa kusugua na kukamua mpaka liishe. Mwongozo wa 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa unyonyeshaji, umeugeuza, kwa kuwa kusugua huumiza nyama na kuongeza uvimbe, na kukamua ziada huufanya mwili utengeneze maziwa mengi zaidi. Ukipata homa ya 38.5 au zaidi, baridi ya kutetemeka, wekundu unaosambaa au maumivu yanayozidi badala ya kupungua ndani ya saa 24, nenda kituo cha afya. Donge ambalo halijaondoka ndani ya siku chache lipelekwe likapimwe hata kama haliumi.

Mama mkwe na wifi: kila mmoja ameshika nusu. Mama mkwe anataka matiti yabebwe, na ni kweli yakibebwa mgongo na mabega hupumzika. Ila kubana hakuzuii kulala. Mimba zenyewe, umri, uzito kupanda na kushuka, na sigara ndivyo vinavyobadilisha umbo la titi, kunyonyesha hakumo. Mwambie kwa heshima kwamba umenunua inayobeba vizuri zaidi, atatulia. Wifi naye amesikia kitu cha kweli: titi lisilotolewa maziwa na kubanwa muda mrefu hupunguza kutengeneza. Sidiria inayokukaa haifanyi hivyo. Anayejisikia vizuri bila sidiria, asivae. Wewe mwenye kuvuja na kifua kizito utaumia bure.

Usiku, basi, si lazima. Sababu pekee ya kuvaa ni kushikilia pedi. Vaa ile laini ya kupishana, isiyo na klipu wala kulabu, saizi ambayo haiachi alama yoyote asubuhi, au tandika taulo chini yako ulale huru. Zile 38B zenye waya zisiingie kitandani kabisa.

Pedi zibadilishwe zinapolowa, usingoje kunyonyesha kufuatako. Pedi mbichi juu ya chuchu kwa saa nyingi hulainisha ngozi mpaka ikachubuka, na fangasi wanaupenda unyevu huo. Epuka zenye utando wa plastiki nyuma kwa matumizi ya kutwa, ziwekee safari. Pedi ikigandia chuchu, ilowanishe kwa maji ya vuguvugu kwanza, usiivute. Kuvuja kwenyewe, kwa wengi, hupungua miezi miwili mitatu ya mwanzo ikipita.

Idadi: tatu za mchana, moja mwilini, moja kwenye maji, moja kwenye kamba, na mbili za kulalia. Lakini usizinunue zote leo. Nunua moja ya mchana na moja ya usiku, zivae siku tatu nne, ndipo uongeze za aina iliyokufaa. Zifue kwa mkono au ndani ya mfuko wa wavu, maji yasizidi nyuzi 30, kulabu zikiwa zimefungwa zisikwaruze vikombe. Sabuni ya kulainisha nguo iache, inapaka utando unaozuia pedi za kitambaa kunyonya. Anika kivulini, ukiishika kwenye mkanda na si kwenye kamba, kwani maji yakivuta kamba hurefuka.

Kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili matiti yatalainika na huenda kikombe kikapwaya. Maziwa hayajapungua; mwili umejua tu mtoto anataka kiasi gani. Jipime tena wakati huo, na mara nyingine mtoto akianza kula, karibu na miezi sita. Na ukifika safu ya ndani kabisa ya kulabu huku mkanda bado unapanda mgongoni, hiyo sidiria imekwisha kazi, hata kama vikombe vinaonekana vipya.